Kiraka cha mstari mmoja na nanosekunde 67

Haya niliongea Jumamosi hapa Kijitonyama mbele ya wanafunzi na mafundi wa mitandao, kuhusu kosa dogo nililolikuta kwenye programu inayoendesha kadi ya mtandao, sasa kuna waliochelewa kwa ajili ya mvua wakaomba niyaandike. Nimeyaweka karibu kama yalivyotoka mdomoni, nimeacha tu sehemu niliyokuwa nachora ubaoni.

Shikamooni wakubwa zangu, na nyie wadogo zangu mambo zenu. Asanteni kwa kuja na mvua hii.

Nianze na siku ambayo wengi humu mnaikumbuka, Jumapili tarehe 12 Mei 2024. Nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika siku moja. SEACOM ilifika hapa Dar 2009, EASSy mwaka uliofuata, na tulishazoea kuzitegemea bila hata kujua kwamba zipo. Wiki ile picha hazifunguki, meseji zinazunguka, na ghafla kila mtu mtaani anaongea habari za waya chini ya bahari, hata mama anayetuuzia chakula pale Mwenge aliniuliza baba hivi huo waya ni mnene kiasi gani. Niliguswa sana na lile swali, maana watu walianza kuuliza intaneti inapita wapi, inashikwa na nini.

Sasa mimi kazi yangu inaanzia pale waya unapoishia. Mwanga ukitoka kwenye fiba unapita kwenye swichi, swichi nyingine, mwisho unaingia kwenye seva kupitia kadi ya mtandao, na pale kwenye kadi anakaa mtu anaitwa draiva. Draiva ni kipande cha programu ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo unaoendesha kompyuta, ambacho kinaijua kadi hiyo moja kwa jina na kwa tabia, inataka uiamshe vipi, inaandika wapi, ikizidiwa inafanyaje. Kwenye Linux, mfumo mmojawapo wa kuendesha kompyuta, draiva za kadi hizi zimekaa kwenye folda moja, drivers/net/ethernet, kila mtengenezaji na chumba chake. Zote ziko wazi. Linus Torvalds alivyoitangaza Linux 1991 alikuwa mwanafunzi kule Helsinki, na toka 1992 leseni yake ni GPL, inayompa kila mtu haki ya kusoma na kubadili msimbo, yaani maandishi ya programu, kwahiyo msimbo ule ule anaousoma injinia wa kampuni kubwa Marekani na wewe unausoma hapa Kijitonyama kwa bando lako, haujapunguzwa hata mstari.

Ngoja tupige hesabu kidogo, msiniogope, ni ya kugawanya tu.

Tuchukue kadi ya gigabiti 10, ambayo leo si kadi kubwa, kiwango chake kilitoka 2002. Data mtandaoni inasafiri vipande vipande vinavyoitwa pakiti, na pakiti ndogo kabisa ya Ethernet, kanuni ambayo kadi hizi zinaitumia, ni baiti 64. Ongeza baiti 20 za utangulizi na za ile nafasi inayoachwa kati ya pakiti na pakiti, zinakuwa 84, yaani biti 672. Chukua gigabiti 10 gawanya kwa 672 unapata pakiti milioni 14.88 kwa sekunde moja. Geuza hesabu, kila pakiti imepewa nanosekunde 67.2. Nanosekunde ni sekunde umeigawa mara bilioni. Prosesa ya gigahezi 3 ndani ya muda huo inapiga hatua kama 200 tu, na kwenda kuchukua kitu kwenye memori ambacho hakipo kwenye keshi, ile memori ndogo iliyo karibu na prosesa, kunaweza kula nanosekunde 80 hadi 100. Mmeona? Ukienda memori mara moja tu bila mpango, pakiti inayofuata imeshafika na wewe bado upo njiani. Na hiyo ni gigabiti 10. Kwenye gigabiti 100, nanosekunde zinabaki 6.72, hatua 20, na kiwango cha 400 kilipitishwa 2017.

Kweli pakiti nyingi ni kubwa, ile ya baiti 1500 kwenye gigabiti 10 inakupa maikrosekunde 1.2 hivi, hapo unapumua. Lakini maswali ya DNS, ya kuuliza jina la tovuti lina anwani gani, ni madogo, sauti za simu ni ndogo, na anayekushambulia atachagua ndogo kwa makusudi. Kwahiyo anayeandika draiva hesabu ya 67 anaiweka kichwani muda wote.

Inawezekanaje sasa? Jibu ni kwamba hakuna kitu kinachofanywa kimoja kimoja. Zamani kadi ikipokea pakiti ilikuwa inamshtua prosesa, inaitwa interapti, prosesa anaacha alichokuwa anafanya anakimbilia mlangoni. Pakiti elfu moja kwa sekunde hiyo sawa, milioni 14 prosesa atakuwa anakimbilia mlangoni tu, hamna kazi itakayofanyika ndani. Mnalijua pantoni la Kivukoni, halivuki kwenda Kigamboni na mtu mmoja mmoja anayefika getini, linapakia, linavuka, linarudi. Linux wakaleta utaratibu unaoitwa NAPI. Pakiti ya kwanza inapiga kengele, draiva inaizima kengele, alafu inaenda yenyewe kuzoa zilizopo, kwa kawaida hadi 64 kwa zamu. Ikikuta zimeisha kabla ya 64 inaiwasha kengele inaenda kupumzika, ikikuta bado zipo inarudi tena kuzoa. Mimi nauona huu ni moja ya mawazo mazuri kabisa kwenye kerneli nzima, maana kukiwa kimya unapata haraka ya kengele, na kukiwa na fujo fujo yenyewe ndo inakupunguzia kazi. Juu ya hapo kadi inagawa pakiti kwenye foleni nyingi, kila foleni na kore yake, kwa kupigia hesabu anwani na poti ili mazungumzo mamoja yasitawanyike, hilo nalipita haraka.

Nisichopita haraka ni ringi, kwasababu bagi, yaani kosa la programu, niliyokuja kuwaambia ilikaa humo.

Ringi ni safu ya nafasi kwenye memori, tuseme 512, zinazunguka, ukifika ya mwisho unarudi ya kwanza. Kila nafasi ina deskripta, ichukulie kama kikaratasi. Draiva inaandika kwenye kikaratasi, pakiti ikija iweke kwenye anwani hii. Kadi inaitoa pakiti kwenye waya inaiandika yenyewe kwenye memori bila kumsumbua prosesa, hiyo ndo DMA, alafu inarudi kwenye kikaratasi inaandika urefu wa pakiti, na mwisho kabisa inaweka alama: tayari. Draiva ikija inaangalia alama. Kama ipo, inasoma urefu, inaibeba pakiti inaipeleka juu. Kazi nzima ya kupokea ni hiyo, mtoto wa sekondari anaielewa.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa kwenye kampuni moja hapa mjini, sitaitaja na haina haja. Tulikuwa na seva za prosesa za ARM, ukoo tofauti na ule wa Intel, mpya mpya, zina kadi ya kasi ya mtengenezaji ambaye naye simtaji. Mchana kila kitu safi. Usiku bakapu zikianza kupishana kati ya seva na seva kasi inashuka vibaya, inapanda, inashuka. Tukabadilisha kebo, tukabadilisha swichi, tukailaumu swichi ya pili. Kadi yenyewe ukiiuliza kwa ethtool, programu ya kukagua kadi, inakwambia mimi sina kosa hata moja. Ila kwenye kaunta za IP za kerneli, zinazohesabu pakiti, kuna moja nilikuwa sijawahi kuiona inapanda, ya pakiti zilizofika zimekatwa, pakiti yenyewe inasema mimi nina baiti 1500 lakini draiva imeileta inasema ina 66. Sio nyingi, moja katika mamilioni, lakini kila moja TCP, utaratibu unaohakikisha data imefika yote, lazima aiombe upya na akiomba anapunguza mwendo.

Nilikaa na hilo siku tisa. Nilikuwa narudi nyumbani Sinza, nakula, watoto wakilala naingia kwenye zile seva kutokea sebuleni. Nikaweka mistari ya kuandika kila nafasi ya ringi na urefu uliosomwa, nikawa na mafaili makubwa ya namba tu, na usiku wa nane umeme ukakatika nikabaki na daftari na tochi ya simu, nikawa nalinganisha kwa mkono. Hapo ndo nikaona. Urefu mbaya haukuwa namba ya ovyo. Ulikuwa ni urefu wa pakiti iliyokaa kwenye nafasi ile ile mzunguko uliopita! Zile 66 zilikuwa ni vijipakiti vya kukiri, vya TCP kusema nimepokea, vilivyopita pale kabla. Draiva ilikuwa inasoma alama mpya lakini urefu wa zamani.

Nikachukua mashine ya prosesa ya Intel, kadi ile ile, draiva ile ile, nikaipiga wiki nzima. Haikukosea hata mara moja.

Msimbo ulikuwa umeandikwa vizuri tu, soma alama, kama ipo soma urefu, kwa mpangilio huo huo. Shida ni kwamba prosesa hazilazimiki kufuata mpangilio ulioandika. Zile za ukoo wa Intel na AMD haziruhusu usomaji mmoja kuupita mwingine, ARM inaruhusu, inaona hapa kuna vitu viwili vya kusoma na sioni kama vinahusiana, ngoja nianze na kilicho karibu. Ni kama mwenye duka Kariakoo anayenakili idadi kwenye karatasi ya mzigo kwanza, alafu ndo anauliza kuli, mzigo umeshuka? Kuli anajibu ndiyo bosi umeshuka sasa hivi, na hajadanganya, ila idadi iliyonakiliwa ni ya mzigo wa wiki iliyopita. Na inatokea mara chache kwasababu lazima kadi iandike kwenye ule ufa mdogo sana kati ya usomaji wa kwanza na wa pili. Mchana trafiki ni ndogo ufa haugongwi, usiku pakiti ni mamilioni, utagongwa tu.

Dawa ni mstari mmoja. Unaweka kizuizi kati ya kusoma alama na kusoma urefu, kwenye kerneli kinaitwa dma_rmb, kinamwambia prosesa usomaji wa chini usiupite wa juu. Nikafungua draiva ya jirani, ixgbe ya Intel, kuangalia wenzetu wamefanyaje, nikaukuta mstari ule upo na juu yake maelezo kwa nini upo. Nikafungua waraka wa kerneli unaoitwa memory-barriers.txt, nikakuta mfano karibu sawa na wangu neno kwa neno. Yaani jibu lilikuwa kwenye folda ile ile niliyodaunlodi, siku zote tisa. Nawaambia hivi ili mkikwama kwenye draiva moja mfungue za jirani mapema kuliko mimi.

Nikaweka mstari. Usiku ule kaunta haikupanda. Usiku wa pili haikupanda. Nilimwamsha mke wangu kumwambia.

Sasa hapa ndo penye jambo lililonileta kusimama mbele yenu. Nikaenda kwa wakubwa kazini nikasema nataka huu mstari niurudishe kwenye Linux yenyewe. Wakasema hapana, tumeugundua sisi, ni faida yetu, washindani watafaidi bure. Kisheria walikuwa salama, GPL inakubana ukiisambaza programu kwa wengine, ukiitumia ndani kwako haikulazimishi kutoa chochote. Na mimi bila ruhusa yao nisingeweza, maana pachi, yaani kiraka cha kerneli, unaisaini kwa jina lako, kuna mstari wa Signed-off-by, ulianza 2004, unathibitisha kwamba una haki ya kuitoa kazi hiyo, na kazi niliyoifanya kwenye seva zao ilikuwa mali yao. Nikanyamaza. Iliniuma lakini nikanyamaza.

Miezi minane ikapita. Mwenzangu mmoja, kijana makini kabisa, akapandisha kerneli kwenye seva zote kwasababu ya usalama, kama inavyotakiwa. Kerneli mpya haina mstari wetu, nani angeuweka? Pachi yetu ilikuwa kwenye folda moja kwenye seva moja. Usiku bakapu zikaanza kuchechemea, mimi nilikuwa nimesafiri nipo Tanga kwenye msiba, na yule kijana alikesha usiku mbili akibadilisha kebo na swichi, zile zile nilizobadilisha mimi. Alipokuja kunipata kwa simu alikuwa na sauti ya mtu anayetaka kulia. Hilo ndo lilinitoa kwenye kunyamaza. Kiraka ukikificha lazima ukishone upya kila nguo ikibadilishwa, na siku usipokuwepo atakayeumia ni mwenzako wa ofisi ile ile, mshindani hata habari hana.

Wakubwa waliona hasara ya usiku mbili wakakubali, ikabidi nijifunze kutuma.

Pachi za kerneli zinatumwa kwa barua pepe, maandishi matupu. Kuna skripti inakwambia draiva hii wasimamizi wake ni nani, nyingine inakagua uandishi wako, nafasi na urefu wa mistari. Kerneli mpya inatoka kila wiki 9 au 10, wiki mbili za mwanzo ndo wanapokea vitu vipya, marekebisho ya makosa kama langu yana mlango wake muda wote. Nikatuma. Nilikuwa nimeandika maelezo mistari miwili, kwamba inaondoa ucheleweshaji usiku. Nikajibiwa siku ya pili, kwa adabu lakini moja kwa moja: kwa nini inaondoa? kosa liliingia na badiliko gani? Wanataka utaje badiliko lililoleta kosa, herufi 12 za mwanzo za namba yake kwenye Git, daftari la mabadiliko ya msimbo, ili wanaotunza kerneli za zamani wajue warudi nyuma hadi wapi. Nikakaa chini nikaandika yale yote niliyowaambia hapa, alama, urefu, mzunguko uliopita, ARM. Kuandika kulinichukua muda kuliko kurekebisha.

Toleo la pili akaja msimamizi mwingine, mtu ambaye hatujawahi kuonana hata kwa picha, akasema kizuizi umekiweka sawa, lakini tazama na upande wa kutuma, pale draiva inapokagua kadi imemaliza kutuma zipi, pana usomaji wa namna hiyo hiyo. Nikaenda kuangalia. Kweli! Nilishapita pale mara kumi. Kosa la pili lilikuwa linasubiri siku yake, na kampuni ile na ushindani wake wote wasingelijua kamwe, maana aliyeliona hakuwa kwetu. Mstari wangu mmoja ukawa miwili. Toleo la tatu likapokelewa, alafu likashushwa na kwenye kerneli za zamani zinazotunzwa. Leo yeyote mwenye kadi ile kwenye ARM, awe Dodoma awe Brazili, analala usiku.

Kuna mtu aliniuliza nje kabla hatujaanza, kwamba wenye kasi kubwa si wanaikwepa kerneli siku hizi? Wapo, wanatumia DPDK, ilianzia Intel 2010, programu yako inaishika kadi moja kwa moja. Inakimbia sana, kwa mitambo ya simu ina nafasi yake. Ila ukiikwepa kerneli umekwepa na faiawoli yake, na tcpdump ya kuchungulia pakiti, na kaunta kama ile iliyoniokoa. Mimi nasimama na XDP, iliyoingia kwenye Linux 4.8 mwaka 2016, unaandika kaprogramu kadogo kanakaa ndani ya draiva na kuamua pakiti itupwe au ipite kabla hata kerneli haijaanza kuigharamia. Ukishambuliwa na pakiti ndogo ndogo za nanosekunde 67 pale ndo pa kuzitupia.

Dada mmoja pale nyuma akauliza, kaka sisi hizo kadi za gharama tutazitoa wapi? Swali zuri. Unaweza ukaanza bila kadi kabisa, QEMU inakupa kompyuta ya kuigiza yenye kadi ya virtio, na draiva yake unaweza kuisoma taratibu, ukiharibu unarestati tu. Ukitaka kushika kitu halisi, mimi nyumbani nina kompyuta mbili za mtumba, kadi mbili za mtumba za gigabiti 10 zenye chipu ya Intel 82599, na kebo ya shaba ya mita moja inayoziunganisha bila swichi. Kerneli ina kifaa chake kinaitwa pktgen cha kumwaga pakiti, unamwaga upande huu unahesabu upande ule, na hizo milioni 14.88 unaziona mwenyewe kwenye kioo. Au huzioni, na hapo ndo kazi inaanza, kujua zilizokosekana zimeangukia wapi.

Kompyuta hizo zipo Sinza, juu ya meza, zimewashwa. Kila Jumamosi kuanzia saa nne asubuhi mlango uko wazi, njooni wawili wawili maana nafasi ni ndogo, na mje na laptop zenu.